Pikapu ya mtumba kuwa gari la kila siku Arusha: anza na breki, bampa litasubiri

Arusha ni mji wa mafundi wa kukata na kuunga. Land Cruiser zinaingia gereji zikiwa fupi, zinatoka zimerefushwa chasi na kuwekewa paa la kufunguka kwa ajili ya watalii. Ujuzi huo uko mlangoni kwetu, na kwa sababu hiyo mtu akinunua Hilux ya mtumba hushawishika upesi: bampa la chuma, springi za kuinua, matairi mapana, taa juu ya paa. Pesa inaishia hapo, na breki zinabaki zile zile alizozikuta.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka pikapu ya kumpeleka kazini na kuwaacha watoto shule, kisha Jumamosi impeleke shamba Kikatiti au Ngarenanyuki na kurudi na magunia. Gari la namna hiyo hutembea tupu siku nyingi na hubeba mzigo siku chache. Shika hilo tangu mwanzo, kwa kuwa kila uamuzi utakaofanya kuhusu springi, matairi na breki unatokana nalo.

Hatua ya 1: Chagua injini kabla ya kuchagua rangi

Nitatumia Hilux kwa mifano maana ndiyo iliyojaa, ila mengi yanafaa pia kwa Nissan Hardbody, Isuzu KB na Mitsubishi L200.

Hilux za dizeli zigawe makundi mawili. Kundi la kwanza ni injini za ukoo wa L: 2L ya cc 2,446, 3L ya cc 2,779 na 5L ya cc 2,986. Za kawaida hazina turbo, na pampu yake fundi wa mjini anaijua kwa kichwa. Hazina mbio. Kupanda kutoka Mto wa Mbu ukiwa na mzigo utapanda kwa gia ya pili na lori litakupita. Lakini spea zipo kila duka, na kasoro zake zinajulikana. Kundi la pili ni Hilux Vigo, zilizotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2015, zenye injini ya 2KD ya cc 2,494 au 1KD ya cc 2,982. Hizi zina turbo na mfumo wa komoni reli, yaani dizeli inasukumwa kwenye nozeli kwa mgandamizo mkubwa sana huku kompyuta ikipima kiasi. Zina nguvu na zinatumia mafuta vizuri, ila dizeli chafu inaziumiza haraka.

Kama pikapu hii ndiyo gari pekee la nyumbani na safari zako ni za kati ya Usa River, mjini na Kisongo, ningekushauri 3L au 5L bila kusita. Kama unakwenda Dodoma au Dar mara kwa mara, Vigo itakulipa kwa starehe na mafuta, mradi uwe tayari kuitunza kwa masharti yake.

Mambo mawili ya kuuliza kabla ya bei. Kwa 2L yenye turbo, ile 2L-T, uliza kama silinda hedi imewahi kubadilishwa, kwa kuwa injini hiyo inajulikana kwa kupasua hedi inapochemsha. Kwa 1KD uliza kuhusu washa za shaba, yaani ringi ndogo bapa zinazokaa chini ya nozeli. Zikianza kuvuja, moshi wa mlipuko huingia kwenye oili na kuigeuza kuwa lami, lami inaziba chujio la oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakufa kwa kukosa oili huku kipimo kikionyesha oili imejaa. Muuzaji asiyejua jibu, chukulia washa hazijabadilishwa na weka gharama hiyo kwenye hesabu yako.

Hatua ya 2: Likague likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa, au angalau ombi lako halikuheshimiwa. Panga siku nyingine, tena asubuhi.

Liwashe mwenyewe. Dizeli nzima ya ukoo wa L, asubuhi ya Juni au Julai Arusha, ikishapashwa na hita zake inapaswa kushika bila kuzungushwa muda mrefu. Moshi mweupe kidogo unaoondoka baada ya muda mfupi si tatizo. Moshi wa bluu unaobaki ni oili inayoungua. Kisha fungua mfuniko wa kuwekea oili injini ikinguruma: mvuke mdogo ni wa kawaida, lakini ikipumua kwa nguvu kama bomba la moshi, ringi zimechoka.

Baada ya injini, lala chini ya gari. Hapa watu wengi huona aibu kuchafua shati, na hapa ndipo gari husema ukweli. Angalia chasi juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi zinaposhikiliwa. Arusha yenyewe haina chumvi, ila gari huja na historia yake. Lililotumika Hokkaido au Uingereza limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa barafu. Lililokaa Tanga, Bagamoyo au Zanzibar limekula upepo wa bahari. Na lililokuwa likienda Ziwa Natron limelala na tope la magadi. Gonga chasi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu iangalie mara mbili, na pale palipochomelewa kiraka uulize kwa nini.

Nenda nalo barabarani. Tafuta sehemu ya changarawe, funga gia ya magurudumu yote manne, usikie kama inashika na kuachia. Usiijaribu kwenye lami kavu. Hilux hizi hazina difu ya katikati, ile ya kuruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, hivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yakilazimishwa kwenda sawa kwenye kona ya lami, mfumo mzima unajikaza na unaweza kuvunja kitu.

Hatua ya 3: Karatasi

Soma namba ya chasi kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibati tu. Kwa Hilux nyingi imegongwa kwenye chasi upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ilinganishe na kadi ya gari herufi kwa herufi, pamoja na namba ya injini na rangi. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa trafiki kwa namba ya gari. Kisha andikianeni mkataba na muhamishe umiliki TRA mapema, muuzaji akiwa bado anapokea simu yako. Gari lililobaki kwa jina la mtu aliyeliuza miaka mitatu iliyopita ni usumbufu siku ya ajali na siku ya bima.

Hatua ya 4: Mwezi wa kwanza, fanya gari lianze upya

Usiamini stika ya oili iliyobandikwa na mwenye gari wa kwanza. Mwaga kila kimiminika na uweke kipya, ili kuanzia siku hiyo ujue mwenyewe tarehe na kilomita. Oili ya injini na filta yake. Filta ya dizeli. Oili ya giaboksi, ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na ya difu zote mbili. Mafuta ya breki na ya klachi. Maji ya rejeta.

Oili ya difu ikitoka imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, huenda gari liliwahi kuvuka mto. Angalia kishimo cha kupumulia cha difu. Kikiziba kwa udongo, difu ya moto ikitumbukia kwenye maji baridi huyavuta ndani kupitia sili. Kukiungia bomba refu la mpira na kulipandisha hadi juu ya chasi ni marekebisho ya bei ndogo, na kwa anayevuka makorongo ya Monduli au Ngarenanyuki wakati wa masika yana faida kuliko bampa.

Taimingi belti usiibahatishe. Kwa injini za L ibadilishe kila kilomita 100,000, kwa Vigo 150,000. Kama huna ushahidi wa lini ilibadilishwa, ibadilishe sasa, pamoja na bearingi yake ya kukazia. Ikikatika barabarani valvu zinagongana na pistoni, na hapo hatuzungumzii tena sevisi, tunazungumzia injini nyingine.

Hatua ya 5: Joto la injini

Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Kwa mwinuko huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo, na mgandamizo unashikwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 unapandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Mfuniko uliochoka mpira haufanyi hivyo, na gari linaanza kuchemsha milimani huku kila mtu akiitazama rejeta. Kwa hiyo anza na mfuniko, ni kipuri cha bei nafuu kuliko vyote katika mfumo huo.

Kuna tabia moja ya gereji ambayo ningependa ife: kutoa thamostati (valvu inayoachia maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata moto) na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini isiyo na thamostati hutembea baridi asubuhi nzima, hunywa dizeli zaidi na kujisaga. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi za Toyota thamostati hiyo hiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji injini ikipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji yanazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta. Gari linakuwa baridi mno Sakina na linachemsha ukipanda Monduli. Fundi akikuambia anaitoa, mwombe kwa heshima aweke mpya.

Maji ya bomba na ya visima vyetu yana madini mengi. Usiyaweke kwenye rejeta kama unaweza kuepuka. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au kulanti na maji ya betri (yale safi yasiyo na asidi) nusu kwa nusu, na uibadilishe kila baada ya miaka miwili. Klachi ya feni nayo ipime: injini ikiwa imezimwa na ina moto, feni inapaswa kuzunguka kwa uzito mkononi. Ikizunguka kwa urahisi kabisa, imeisha.

Hatua ya 6: Breki, springi na matairi, kwa pamoja

Nimeviweka pamoja kwa makusudi. Kwenye pikapu vitu hivi vitatu ni kitu kimoja, na ukigusa kimoja umevigusa vyote. Ukiwa na pesa ya hatua moja tu mwaka huu, iweke hapa.

Pikapu ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi. Breki za nyuma zikipewa nguvu sawa na za mbele, magurudumu ya nyuma yanajifunga na mkia unateleza. Kwa sababu hiyo Hilux nyingi zina valvu ya kupima mzigo: iko juu ya chasi karibu na ekseli ya nyuma, na ina fimbo ya chuma inayoungana na ekseli. Mzigo ukiongezeka, bodi inashuka, fimbo inasukumwa, valvu inaruhusu nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Mzigo ukitoka, inapunguza.

Sasa fikiria mtu ameongeza pleti mbili za springi nyuma ili gari lisimame juu. Bodi imepanda, fimbo imevutika, na valvu inaamini kwamba gari liko tupu hata likiwa na tani ya saruji. Breki za nyuma hazifanyi kazi yake, za mbele zinabeba kila kitu, na mteremko wa kutoka ukingo wa Ngorongoro kuja Karatu si mahali pa kugundua jambo hilo. Mara nyingi utakuta fundi ameifunga fimbo kwa waya, au ameikata kabisa. Lala chini uiangalie. Kama springi zimeinuliwa, fimbo irekebishwe urefu au kishikizo chake kiinuliwe kwa kiasi kile kile, kisha breki zijaribiwe gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, mahali pasipo na watu.

Je, uongeze pleti? Kwa gari la kila siku, jibu langu ni hapana, isipokuwa unabeba mzigo mzito zaidi ya mara mbili au tatu kwa wiki. Springi ngumu kwenye gari tupu hufanya nyuma iruke kila penye bati la barabara, yaani yale makunyanzi ya vumbi yanayotutesa huku vijijini, na gurudumu linaloruka halishiki breki wala kona. Kama nyuma imelala kwa uzee, zitengenezwe upya springi zilizopo au ziwekwe mpya za kiwango cha kiwanda, pamoja na bushi na shakeli mpya. Badilisha shokapu zote nne kwa mkupuo. Watu wengi wakiendesha gari baada ya hapo hushangaa kwamba tatizo halikuwa springi.

Tena pleti ya ziada haiongezi uwezo wa chasi, ekseli wala bearingi. Hilux huhesabiwa gari la tani moja, na dabo kebini nyingi hubeba chini ya hapo. Ndani ya tani hiyo wamo watu pia. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Zinabaki 650 hivi, sawa na mifuko 13 ya saruji ya kilo 50. Ukiongeza bampa la chuma, winchi na karia, umeondoa mifuko mingine kadhaa kabla hujapakia chochote.

Matairi. Soma ubavuni. Herufi C baada ya kipimo, kwa mfano 205R16C, ina maana tairi limetengenezwa kubeba mzigo. Matairi ya gari la kifahari la saizi ile ile yana ubavu laini. Ni mazuri kwenye lami ya Sakina hadi Tengeru, lakini ukiyapakia magunia yanapata moto na kupasuka. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata ndefu lakini la miaka kumi ni tairi bovu, hata likiwa linang'aa.

Ukitaka matairi makubwa kuliko ya kiwanda, fanya hesabu kwanza. Kutoka 255/70R15 kwenda 265/75R15 kipenyo kinapanda kutoka milimita 738 hadi 778 hivi, ongezeko la zaidi ya asilimia tano. Spidomita inakudanganya kwa kiasi hicho: ikisoma 50, wewe uko karibu 53. Kwenye barabara ya Moshi, penye vibao vya 50 kila kijiji na trafiki wenye tochi, tofauti hiyo inatosha kukusimamisha. Gari pia linakuwa zito kuondoka, na breki zinapaswa kusimamisha gurudumu refu zaidi. Kwa injini ya L isiyo na turbo sioni faida yake kabisa.

Upepo wa matairi ufuate kibandiko cha mlangoni: kina namba ya gari tupu na namba ya gari lenye mzigo, na tofauti ya nyuma huwa kubwa. Nunua geji yako mwenyewe. Pima asubuhi kabla ya kutembea.

Kuhusu breki zenyewe: mbele toa pedi, angalia pini za kalipa kama zinateleza, zipake grisi ya breki. Nyuma fungua drami kila kilomita 10,000. Vumbi letu linajaa humo na kugeuka msasa. Angalia silinda za gurudumu kama zinavuja mafuta, rekebisha shu, na handibreki ishike ndani ya nusu ya kuvuta. Mafuta ya breki, DOT 3 kwa Hilux nyingi, badilisha kila baada ya miaka miwili kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu ukichemka ndani ya bomba pedali inazama hadi chini.

Na usishuke mlima na gia ikiwa frii, wala usizime injini ili kuokoa mafuta. Kibusta cha breki cha dizeli, kile kinachouongezea mguu wako nguvu, kinategemea pampu ya vakyumu, ambayo kwa injini za L imefungwa nyuma ya alteneta. Injini ikizimika pampu imesimama, na baada ya kukanyaga mara chache pedali inakuwa ngumu. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Kwa sababu hiyo hiyo, ukibadilisha alteneta hakikisha inayowekwa ni ya dizeli yenye pampu yake, na bomba lake la oili halivuji.

Hatua ya 7: Vumbi

Udongo wa volkano wa huku kwetu ni laini kuliko unga wa dona, na ndio unaoua injini za Arusha kabla ya kilomita. Fungua boksi la filta ya hewa kila wiki ya kiangazi. Kama una kompresa, puliza filta kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, ukiwa mbali kidogo. Kupuliza kutoka nje kunasukuma vumbi ndani ya karatasi, na kuigonga chini kunapindisha ukingo wake. Baada ya kupulizwa mara mbili tatu, nunua mpya.

Kipimo cha ukweli ni hiki: pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba la hewa baada ya filta. Kikitoka na vumbi, hewa inapita pembeni, na filta mpya haitasaidia. Tafuta klipu iliyolegea, mpira wa boksi uliokauka, au bomba lililopasuka kwenye mikunjo. Snokeli ina faida kwa anayesafiri nyuma ya magari mengine kwenye vumbi, kwa sababu inavuta hewa ya juu iliyo safi zaidi, lakini kila kiungo chake lazima kizibwe. Snokeli inayovuja ni hasara tupu.

Hapa pia niseme neno kuhusu moshi mweusi. Kwa mwinuko wetu hewa ina mgandamizo wa karibu asilimia 85 ya ule wa pwani. Pampu iliyopangwa Dar inamwaga dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo, na kilimani gari linaacha wingu. Safisha filta kwanza, kisha mwone fundi pampu apunguze mafuta kidogo. Ukimwambia aongeze ili gari lipate nguvu, utapata joto na moshi.

Hatua ya 8: Umeme

Betri nzima ikiwa imetulia inasoma volti 12.6 hivi. Injini ikinguruma, 13.8 hadi 14.4. Chini ya hapo angalia belti na alteneta, juu ya hapo reguleta. Hita za kuwashia dizeli zipime moja moja kabla ya Juni.

Taa za ziada zinaunguza magari kwa sababu moja: zimeungwa kwenye waya wa taa za kawaida. Taa mbili za wati 100 zinavuta karibu ampea 17. Weka relei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo), waya mnene unaotoka betri moja kwa moja, na fyuzi karibu kabisa na betri. Kwa mtu wa mjini lakini, kusafisha lenzi za taa za mbele zilizopauka na kuzielekeza sawasawa kunatosha usiku.

Hatua ya 9: Bodi ya mizigo

Tandika raba nene kabla ya mzigo wa kwanza. Ukibeba ng'ombe, mbuzi au samadi, osha siku hiyo hiyo kwa maji mengi, pamoja na pembe za ndani na chini ya raba, maana mkojo wa mifugo unakula bati haraka. Vivyo hivyo ukitoka Natron, osha chini ya gari kwanza.

Turubai lenye fremu ya bomba ni bora kuliko kanopi ya chuma kwa anayebadilisha kazi: leo majani ya ng'ombe, kesho begi za shule. Waambie mafundi wa kuchomelea wafunge pete za kufungia mzigo kwenye sakafu kwa bolti na bati la kuimarisha upande wa chini. Wasichomelee chochote kwenye chasi, na kabla ya kuchomelea popote kwenye gari wachomoe betri, hasa kwa Vigo yenye kompyuta. Watu wasikae huko nyuma. Ukibadilisha rangi au injini, kadi nayo ibadilishwe.

Andikisha namba ya gari kwenye vioo vyote na saiti mira, na tairi la spea lifungwe kwa mnyororo na kufuli. Ni vitu vya kwanza kupotea.

Hatua ya 10: Ratiba na daftari

Nunua daftari dogo likae kwenye dashibodi. Kila kazi andika tarehe, kilomita, kipuri na jina la fundi.

Kila asubuhi: oili kwa kijiti, maji kwenye chupa ya akiba, na tazama chini pale gari lilipolala. Kila wiki: upepo wa matairi, filta ya hewa, na maji yaliyotuama chini ya filta ya dizeli. Yatoe kwa kulegeza kifundo chake hadi itoke dizeli safi. Kwa Vigo jambo hili si la hiari, kwani nozeli moja inaweza kugharimu zaidi ya sevisi za mwaka mzima.

Kila kilomita 5,000: oili ya injini na filta, 15W-40 ya dizeli kwa injini za L, na kwa Vigo ile iliyotajwa kwenye kitabu chake. Siku hiyo hiyo pampu ya grisi ipite kwenye krosi zote za propela (viungo vya mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli) hadi grisi ya zamani itoke, kwenye shakeli za springi kama zina nipo (tundu la kuingizia grisi), na bojointi na tairodi, viungo vya usukani na magurudumu ya mbele, zishikwe kwa mkono kuona kama zimelegea gurudumu likiwa limeinuliwa. Kila kilomita 20,000 filta ya dizeli, au mapema zaidi ukinunua mafuta vituo vya mbali. Kila 40,000 oili za giaboksi, transfa na difu, na bearingi za magurudumu ya mbele, kama ni za aina inayofunguka, zifunguliwe, zioshwe na kupakwa grisi mpya.

Mara moja kwa mwezi, hata kama hujatoka kwenye lami, tafuta barabara ya vumbi, funga magurudumu yote manne na utembee kidogo. Oili ya difu ya mbele inazunguka, sili hazikauki, na siku ya mvua za masika utakapouhitaji mfumo huo kwenye tope la Kikatiti, hutaukuta umeganda.